Komeo la Nje

Jumatatu, 7 Juni 1976
Kulwa, mvivu mkubwa wewe. Jua limefika utosini na uwanja haujafagiwa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Mke wa mjukuu wangu Masanja, aliyeko machimboni, mimba ya miezi saba, amekaa kitandani anatazama ukuta. Uji umeganda bakulini. Mimi nilizaa tisa huku nalima. Zamani ningemsema hivi, angenijibu kwa utani, aniite mke mwenzake. Leo kimya. Pamba imepasuka shambani. Nitachuma peke yangu.

Jumanne, 8 Juni
Alfajiri hakuwepo. Nimemkuta njia ya machimbo, kwenye mdomo wa duara moja, shimo la wachimbaji, anachungulia ndani. Kanga imelowa umande. Nimemvuta mkono mpaka nyumbani. Hakubisha. Bora angenitukana.
Nimepigilia komeo la mbao nje ya mlango wa chumba chake. Nikienda shamba, nafunga. Naogopa.

Alhamisi, 10 Juni
Kliniki. Nesi mpya, kasichana, hajazaa hata paka. Kapima tumbo. Mtoto mzima, kasema, mama ndiye anaumwa. Huzuni na hofu. Eti ni ugonjwa, wajawazito wengi wanaupata, na dawa yake mojawapo ni kuongea, kila Alhamisi. Nikamwambia hatujatembea jua lote hili kufuata maongezi, nyumbani yapo.
"Nyumbani unaongea wewe, bibi."
Hana adabu. Kanitoa nje. Nimekaa kwenye benchi nimenuna. Ndani nikasikia Kulwa analia. Nilisimama niingie, nikakaa tena.
Kulwa alipotoka, alikula muhogo wangu wote.

Jumamosi, 12 Juni
Nesi kampa kazi. Kila siku afanye jambo moja alilokuwa analipenda. Kakaanga karanga. Kaziunguza. Tumekula hivyo hivyo.
Mchana nilifunga nikaenda shamba. Niliporudi alikuwa sakafuni, kucha zina damu. Mlango umekwaruzwa kwa ndani. Nimemwosha vidole.

Jumapili, 13 Juni
Masanja karudi toka machimbo, tope mpaka masikioni. Kaona komeo, kanitania mimi bibi yake: "Mke wangu, siku hizi unafuga mbuzi chumbani?" Nikamwambia basi kaa wewe umchunge. Huyu naye. Masika duara lilimfukia, wenzake wakamfukua akiwa hai, na mpaka leo kilabuni anaisimulia kama kichekesho. Kulwa sijawahi kumwona akicheka.
Nikiacha wazi, atakwenda shimoni. Nikifunga, anararua mbao. Niende wapi mimi.

Alhamisi, 17 Juni
Leo nimeitwa ndani. Kulwa mwenyewe alitaka. Kasema tangu duara lile limfukie Masanja, anasikia udongo ukianguka, hata akiwa kitandani. Alfajiri ile nilipomkuta, alikwenda kusikiliza kama nyundo bado zinagonga. "Na siku nyingine, bibi, nilitaka kuingia humo shimoni nilale." Kayasema ananitazama usoni. Komeo likigonga, kwake ni udongo uleule, na yeye ndani na mtoto wake.
Nilitaka nesi anigombeze. Hakunigombeza. Asiachwe peke yake, kasema, lakini asifungiwe. Akitaka kwenda, nenda naye. Nikauliza pamba je. Kasema pamba itasubiri. Hajui pamba.


Jumapili, 20 Juni
Tumekwenda machimbo, yeye na tumbo lake, mimi na fimbo yangu. Tulisimama mbali. Nyundo zinagonga. Kasikiliza, kisha kasema inatosha, turudi.
Usiku bado halali vizuri. Nami silali, namsikiliza anavyopumua. Lakini leo tumechuma pamba wote, yeye kakaa juu ya gunia. Kaniambia, "Mke mwenzangu, unachuma kama kobe." Nikageuka nisionekane.
Jioni nimemwambia Masanja: kesho kabla hujashuka duarani, ng'oa hilo komeo uchanje mbao zake, nipate kuni za kuchemshia uji. Na Alhamisi unakuja kliniki nasi. Uoge kwanza.