Sare Niliyoidharau

Kinyangiri, Jumapili baada ya ibada

Mwanangu Neema,

Tangu tukuzike sijaenda kucheza bao. Wenzangu wakiniita nasema mgongo unauma. Ukweli ni kwamba naona aibu.

Unajua bao letu halina sare. Lazima mmoja aondoke amefungwa, wenzake wamcheke hadi anapofika kwake. Ndiyo maana siku ile ya mashindano ya sataranji pale Singida mjini, mwalimu aliposema wewe na Zainabu mmetoka sare, nilihisi nimedanganywa. Nikasimama mbele ya wanafunzi wote. "Yaani nimeacha alizeti inaliwa na ndege, nije kuona mchezo usio na mshindi?" Watoto wakacheka. Wewe ulikuwa unanijia mbio, umefurahi. Ukapunguza mwendo, ukasimama mbali kidogo. "Twende, baba," ukasema, basi.

Njiani ulitaka kunieleza. Nikafumba macho kama nimelala.

Juzi Zainabu alikuja kutupa pole. "Shikamoo, baba," akasema, kisha akaweka ubao wa sataranji mkekani. Upande wako akaweka mfalme tu, kama mlivyobaki siku ile. Upande wake mfalme na askari mmoja, na askari huyo akifika mwisho wa ubao anageuka malkia, umekwisha.

"Shika upande wangu, baba. Jaribu kushinda."

Yeye akamchezesha mfalme wako kama ulivyomchezesha wewe. Kila nilikosukuma nilimkuta amesimama mbele yangu. Nilijaribu mpaka chai ikapoa.

"Ushindi ulikuwa wangu, akaninyang'anya," Zainabu akasema. "Nililia siku ile. Hukuniona?"

Sikumwona. Wala wewe sikukuona.

Kabla ya kuondoka akatoa mfukoni yule farasi wa sataranji niliyekuchongea shule ilipopoteza mmoja wa farasi wake. Unakumbuka ulivyocheka? "Baba, huyu ni mbuzi!" Kumbe, Zainabu anasema, kwenye mashindano walikupa farasi wa dukani ukamkataa. Uliwaambia mbuzi wa baba anajua njia.

Nimemweka dirishani, karibu na Biblia yako. Nikiamka ndiye ninayemwona kwanza.

Mama, natamani unijie mbio tena, nisifungue mdomo. Huko uliko, ukinikumbuka, usinikumbuke nilivyosimama mbele ya watu. Nikumbuke kwa huyu mbuzi.

Ni mimi,
Baba yako