Chumvi kwenye Bawaba

Kakuma, Alhamisi alasiri, 1997. Upepo tangu asubuhi, mchanga hadi ndani ya chai.

Siwezi kutulia. Nimekaa, nimesimama, nimetoka kuufungua na kuufunga mlango wa nyuma wa ambulensi, nimerudi kuandika, nimetoka tena. Nesi amenichungulia dirishani akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Sijapoteza kitu. Nahakikisha tu.

Juzi nilimpeleka Achol hospitali ya Lodwar. Ni mama kutoka Sudan, anaishi hapa kambini, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mlango ulikuwa mgumu tangu hapa zahanati, kama ulivyokuwa kwa wiki kadhaa, nami nikausukuma kwa bega hadi ukafunga. Tulipofika Lodwar ukakataa kufunguka. Nilivuta, nikapiga teke, nikatukana. Achol analia ndani, mimi niko nje nimeshika kitasa kama mjinga. Mwishowe tulimtoa kwa mbele, tukampitisha juu ya kiti changu, manesi wawili na mimi. Alinishika shati kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika.

Niliwaambia wote kwamba gari limezeeka.

Jana nikazimwagia bawaba dizeli, nikaziacha zilowe usiku kucha. Leo asubuhi pini ya bawaba ya chini ilitoka kwa nyundo. Ya juu ikagoma kabisa, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta msumeno wa chuma niikate, ndipo akaja Deng. Huyu ndiye mume wa Achol, fundi cherehani. Alitaka habari. Nikamwambia yale tuliyopata kwa redio: mama yuko salama, mtoto amezaliwa dhaifu, anasaidiwa kupumua. Akavua kofia, akaivaa tena. Badala ya kuondoka, akachuchumaa kando ya mlango.

"Mimi nasaidia," akasema. "Nikikaa nyumba, nakuwa wazimu."

Nilimwelewa kabisa.

Akatoa mfukoni kikopo chake cha mafuta ya cherehani, kile chenye mdomo mrefu mwembamba. Tone moja juu ya pini. Akagonga kidogo, akasukuma mlango upana wa kidole, akaurudisha, akangoja. Tone lingine. Mimi kungoja sijui, nilikuwa nazunguka gari tu.

"Pole pole, ndugu. Hapana nguvu."

Karibu saa sita pini ikatoka, imejaa uji mweusi wa grisi na mchanga. Grisi ni yangu. Nimekulia Kitale, kwenye mvua, na kule bawaba unaipaka mpaka ifurike. Lakini chini ya grisi kulikuwa na kutu, na juu ya kutu magamba meupe. Deng akayakwangua kwa ukucha, akaonja.

"Hii chumvi."

Nikabaki na nyundo mkononi. Mahali ambapo mvua ni hadithi, kutu yote hii imetoka wapi? Imetoka kwangu. Kila Jumamosi naliosha gari kwa maji ya kisima, maji yale yale yanayoacha utando mweupe kwenye sufuria. Mitungi mitatu mizima, na akina mama wako kwenye foleni ya bomba la kisima hicho hicho wananitazama. Nilipenda waone linavyong'aa. Ni majivuno tu, hakuna jina lingine.

"Deng, gari halina kosa," nikamwambia. "Ni mimi. Ni haya maji ninayooshea."

Hakuacha kuifuta pini kwa kipande cha kitenge.

"Najua. Achol anakuonaga kwa foleni. Yeye anasema, siku yangu ya kuzaa ikifika, mimi nitaenda na hiyo gari inang'aa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Tukazipiga pini zote mbili msasa, tukazirudisha. Anavyofanya cherehani yake ndivyo alivyofanya mlango: tone moja, ufungue, ufunge, ufute, mpaka kitambaa kitoke kisafi. Nilipochukua kopo la grisi akaniondolea mkononi. Mafuta mengi hukamata mchanga, akanieleza, na mchanga unakula chuma. Kisha akaufunga mlango kwa kidole kimoja. "Kalas," akasema, yaani basi, imekwisha.

Kesho alfajiri tunakwenda Lodwar. Ameomba akae nyuma. Nikamwambia mbele kuna nafasi, na barabara ni mbaya.

"Hapana. Mimi nataka kufungua huo mlango."

Nimetoka tena sasa hivi. Unafunguka bila sauti. Gari limejaa vumbi hata rangi haionekani, na mitungi mitatu niliyoijaza kwa ajili ya Jumamosi ilikuwa imenisubiri pale ukutani. Nimeibeba hadi bombani, nikawapa akina mama watatu wa mbele. Mmoja akaniuliza kama gari limeuzwa.

Kesho nitaingia Lodwar na gari chafu, na Achol ataliona. Mtoto naye apumue tu hadi tufike. Ee Mungu, apumue tu.