Mguu wa Kushoto Umesikia Baridi

Baba Atieno, wewe na ng'ombe mko aje huko Awasi?

Tangu operesheni ya mgongo nimekatazwa kuinama, lakini kutembea polepole naruhusiwa. Jana dada yangu alinipeleka ziwani tule samaki. Mama anayewakaanga akanivua viatu, nikatia miguu majini, nikapiga yowe.

"Nini imekuuma, Mama?" akauliza yule wa samaki.

"Maji iko baridi!"

"Kwani ulitaka ya chai?"

Nilicheka huku nalia. Asubuhi ile kabla ya operesheni uliufinya mguu huu wa kushoto, sikusikia chochote, ukageuka ukatazama dirishani ili nisikuone uso. Mungu ametutendea. Nikirudi unifinye tena, mpenzi, ila chunga teke.

Wako, Mama Atieno