Gogo la Kakao kwa Faki

Jumatano, 22 Ramadhani

Nimetoka kazini saa nane. Nimekuna nazi mbili, nimechemsha kunde, nimepika tambi za futari. Kichwa kinauma kwa kukosa chai. Miaka hamsini na moja, na bado naililia chai kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Leo ofisini Neema kanionyesha picha kwenye simu yake. Neema ni mwenzangu wa meza ya pili, Mkristo, kwao Songea, mwaka wa sita huu yuko hapa Chake Chake. Krismasi iliyopita aliwatengenezea wanawe gogo la chokoleti: biskuti zilizovunjwa, kakao, siagi, maziwa mazito ya kopo. Linaviringishwa, linagandishwa kwenye friji, linakatwa vipande. Haliokwi. Nilimuuliza mara tatu, kweli haliokwi? Maana mimi na kuoka tulishapeana talaka tatu. Keki yangu ya mwisho, ya moto juu na moto chini, Hamad mume wangu alisema itafaa kuegemezea pipa la maji. Na aliegemeza.

Nimeamua. Nitalitengeneza Idi hii. Kwa ajili ya Faki.


Ijumaa, 24 Ramadhani

Niandike kwa nini, maana hapa sina wa kumwonea haya.

Faki ni mdogo wangu. Kwa mama tumezaliwa wawili tu. Anakaa Vitongoji, ana mke na watoto watatu. Yeye hufuata mwezi ulioonekana popote duniani. Mimi nafuata unaoonekana hapa kwetu. Kwa hiyo Idi yake mara nyingi huitangulia yangu kwa siku moja. Nyumba ngapi Pemba hii ziko hivyo, na watu wanaishi. Sisi tulishindwa. Niandike ukweli: niliyeshindwa ni mimi.

Mwaka juzi alikuja asubuhi ya Idi yake, yeye na mkewe na watoto, wamevaa wamependeza. Mimi nimefunga, nina njaa, na mdomo wangu unajulikana. Nikamwambia palepale mlangoni: "Kwangu leo Ramadhani. Nendeni mkale huko kwenye mwezi wenu." Nikaurudisha mlango. Mbele ya watoto.

Hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Tunakutana mazikoni, tunasalimiana kama watu waliopanga foleni benki.

Namtaka mdogo wangu. Basi. Na Faki kwa kakao hajiwezi. Alipokuwa na miaka saba alilamba kopo zima la kakao ya mama, akaenda chuoni kusoma Kurani na masharubu.


Jumamosi, 25 Ramadhani

Aibu.

Neema alikuja asubuhi kunisimamia. Yeye hafungi, kwa hiyo ndiye mwonjaji. Nikaona niwahi kazi, nikazitwanga biskuti kwenye kinu. Harufu niliisikia, nikadhani inatoka jikoni kwa jirani. Tukachanganya, tukaviringisha, tukagandisha. Adhuhuri Neema akakata kipande. Akatafuna polepole, uso wa mtu mwenye adabu.

"Dada Zuwena," akasema, "hii tuile na mchuzi gani?"

Kinu kile kimetwanga kitunguu thomu na bizari tangu nilipoolewa. Baada ya futari Hamad kala vipande viwili, akasema kwa pweza vitafaa sana.


Jumapili, 26 Ramadhani

La pili. Safari hii biskuti nimezitia kwenye mfuko wa nailoni, nikazisaga kwa chupa. Harufu safi. Umeme umekatika saa tano, haukurudi mpaka alasiri imepita. Gogo limekuwa uji. Magharibi tumeunywa kwa vijiko, mimi na Hamad, bila kutazamana.


Jumanne, 28 Ramadhani

La tatu limesimama. Gumu, jeusi, linang'aa. Nilipeleka kipande ofisini kwa Neema. Alikwenda kuonja stoo, maana huyu hata chai hatuonyeshi sisi tuliofunga, akarudi na makombo kidevuni na dole gumba juu. Sijasifiwa chakula hivyo tangu nizaliwe. Nimejisikia bibi harusi.

Jioni nimempelekea ujumbe Salama, wifi yangu, mke wa Faki. Nimemwomba amwambie mumewe nawaalika Idi, wote. Mwaka huu tulianza kufunga siku moja, sisi na wao. Mwezi ukionekana kesho hapa, Idi ni moja. Hakuna wa kumwambia mwenzake kitu.

Jibu limekuja: "Kasema inshaallah."

Inshaallah ya Faki naijua. Ndiyo aliyokuwa akimjibu mama kila akitumwa kisimani.


Jumatano, 29 Ramadhani

Magharibi nilitoka uani nikatazama upande wa machweo kama mtu aliyedondosha kitu kule. Wingu. Majirani nao wametoka. Hamad kanambia, "Wewe bibi, miwani yenyewe umeisahau ndani, unautafutia nini mwezi?" Kweli nilikuwa sina miwani.

Tangazo la redio: haukuonekana. Kesho tunakamilisha thelathini.

Kisha Salama: umeonekana nchi nyingine. Kwao kesho Idi.

Nimekasirika. Sijui namkasirikia nani. Nimeosha vyombo kwa vishindo mpaka Hamad akahamia barazani.

Nimekaa nimefikiri. Faki hatakuja kesho, na kwa nini aje? Mara ya mwisho alipokuja siku kama hii nilimfungia mlango. Nikimngoja aje Idi yangu, namngoja aje kunisamehe kwangu, miguu yake, nauli yake. Nitakuwa nimemwomba msamaha kwa kumsumbua.

Wa kupiga hodi ni mimi. Kesho, na saumu yangu. Sitaki kwenda. Nitakwenda.


Alhamisi, 30 Ramadhani

Nimeomba ruhusa kazini. Kwa jirani anayeuza samaki nimeazima deli, lile sanduku lake la barafu, nimelisugua kwa ndimu mara nne, bado lilinuka samaki. Gogo nimelifunga nailoni tatu. Bodaboda kaniuliza, "Bi Zuwena, leo unauza samaki?" Nikamwambia ndiyo, anakwenda Vitongoji kula Idi.

Jua kali. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga mazuri. Nilipofika yote yalikwisha.

Mlango wao ulikuwa wazi, watu wa Idi hao. Nikapiga hodi. Salama akatoka, akanitazama, akatazama deli, akasema, "Karibu, wifi," kwa sauti ya mtu asiyejua anakaribisha nini. Faki alikuwa kakaa mkekani, kanzu nyeupe, watoto wamemzunguka. Kazeeka kidogo. Ndevu zimeingia mvi na mimi sikuwepo.

Nikasema Idi mbarak. Nimesema. Neno lenyewe lilikuwa dogo.

Akajibu. Akasogea kunipisha nafasi mkekani.  Nikaona mikono ifanye kazi, mdomo ushapata sifa za kutosha. Nikafungua deli, nikatoa gogo, nikaomba kisu na sahani. Watoto wakajongea. Nikakata.

Sasa, kwetu mama alitulea hivi: aliyeleta chakula nyumba ya watu hula yeye kwanza, mbele ya wenyewe, wajue hakutia kitu. Hata kwa dada yake mama alikuwa haliachi hilo. Mimi mkono wangu haujui kufanya vingine. Nimekata, nimechukua kipande cha kwanza, nimetia kinywani, nimetafuna, nikamwambia Faki, "Haya, bismillahi."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mize, yule wa kati, akapiga kelele: "Baba! Shangazi kala! Shangazi si kafunga?"

Nilitamani mkeka unimeze. Kakao imejaa mdomoni, siwezi kumeza, siwezi kusema. Salama kajishika mdomo. Nikamtazama Faki. Kwake yeye leo ni haramu mtu kufunga. Kesi miaka yote ni hiyo. Na mimi hapa, nimekula Idi yake, nyumbani kwake, mbele ya wanawe. Angeweza kusema chochote. Ningekuwa mimi ningesema, Mungu anisamehe, na ningesimulia mpaka Wete.

Akainuka. Akarudi na kata ya maji na beseni.

"Tema hapa, dada. Sukutua." Akanishikia beseni mwenyewe. "Umesahau tu. Aliyekula kwa kusahau kalishwa na Mola wake. Saumu yako ipo, kaa nayo mpaka magharibi."

Nimesukutua. Nimelia pia, lakini nilikuwa nimeinamia beseni.

Ndipo nikasema lile nililokwendea. Kwamba ule mlango nilikosa. Kwamba sina la kujitetea. Faki akawa anafuta kisu kwa kitambaa, anafuta tu.

"Watoto walikuwa na viatu vipya," akasema. "Waliniuliza kama kosa ni viatu."

Nikamsogezea sahani. 

Kisha akachukua kipande. Akala. Akachukua cha pili. Salama akasema, "We baba, na wenzio?" Akala cha tatu. Cha nne kikamponyoka kikamwangukia kifuani, akakiokota akakila. Miaka arobaini na sita! Nikamwambia kopo la mama limekusamehe lakini kanzu hiyo haitakusamehe. Akacheka. Kicheko kile kile cha puani.

Nimerudi na deli tupu. Hamad nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa: "Umekwenda kumlisha Faki Idi yake, ukaanza weye!" Nimemwacha acheke. Nimefuturu kwa tende na maji. Naogopa kidogo kuandika kwamba nina furaha.


Ijumaa, 1 Mfunguo Mosi

Idi. Tuliporudi kutoka kiwanjani kwenye sala tuliwakuta barazani kwetu, wote watano. Faki kavaa kanzu ya jana. Doa la kakao liko palepale kifuani. Hakubadilisha, au hana nyingine. Sikuuliza.

Watoto waliingia kwanza. Mlangoni walisita kidogo, mkubwa kanitazama, nami nikasimama pembeni nikawapisha.

Tumekula pilau. Faki kasinzia sebuleni kwenye kochi, mdomo wazi. Salama na mimi tumeosha masinia uani.  Alikuwa anasugua, mimi nasuuza.

Wameondoka alasiri. Mwezi wa mwakani hatujui utaonekana wapi kwanza. Nimemwambia Faki aje siku zote mbili.