Sauti Iliyotangulia Nyumbani

Chongqing, 2 Novemba 2025

Mama mpenzi,

Mgongo wako haujambo? Mimi mzima, ila miguu inalalamika. Mji huu wa Wachina umejengwa mlimani, ngazi juu ya ngazi, na begi langu la mgongoni limegeuka adui. Leo nimeona treni ikiingia ndani ya jengo la fleti na kutokea upande wa pili, wenye nyumba wanaanika nguo bila habari. Kisha nikaingia kwenye lifti kutoka barabarani, ikanipandisha juu sana, mlango ukafunguka nikajikuta barabarani tena, magari yanapita! Eish, mama, ungecheka mpaka ukae chini.

Ukungu wa hapa ni mzito. Mchana nilikuwa nashuka ngazi za mtaa wa zamani nikipiga picha, nikasikia naitwa: "Kadogo!" Jina langu la nyumbani, tena kwa sauti yako kabisa. Nikaitika "Karame!" kama ulivyonizoesha kuwaitikia wakubwa, kabla sijafikiri. Kugeuka, hakuna mtu. Nadhani ni hamu tu ya kukuona. Bado nazunguka zunguka hapa, usinikasirikie.

Mwanao,
Joséline

Johannesburg, 4 Novemba 2025

Mwanangu Joséline,

Nashukuru kusikia u mzima. Mgongo ni ule ule, na sare za shule za watu zinaningoja. Lakini umenitia hofu. Nilikufundisha nini tangu utotoni? Ukiitwa na mtu usiyemwona, funga mdomo. Ukimwitikia, anaondoka na sauti yako. Najua, umesoma, unaona ni mambo ya wazee wa mtaa wetu wa zamani, Buyenzi. Haya. Hata hapa Hillbrow, anayegonga bila kusema simfungulii. Sauti ndiyo ufunguo wa mlango wangu.

Rudi nyumbani. Kila ukija hukai, mara begi liko mgongoni tena. Nimechoka kuongea na cherehani. Nakwambia ukweli, upweke unaniumiza.

Mama yako

Chongqing, 9 Novemba 2025

Mama,

Pole na kazi. Homa sina na chakula kinapita, ila sauti imenikauka. Mwanzoni nililaumu pilipili zao zinazotia ulimi ganzi. Sasa haitoki kabisa, hata mnong'ono. Daktari amenichungulia kooni, akanionyesha kwenye simu yake ya kutafsiri kwamba haoni kasoro yoyote. Sokoni naagiza kwa kidole.

Nimesoma tena barua yako, na safari hii sikucheka. Naogopa, mama. Nimekata tiketi, nakuja.

Mwanao,
Joséline

Johannesburg, 12 Novemba 2025

Joséline wangu,

Sasa hii michezo gani? Barua yako imeingia kwenye simu leo, nawe uko jikoni kwangu unaimba! Nadhani mtandao wa huko Uchina ndio umeichelewesha. Nakujibu hivyo hivyo, tuje tuicheke pamoja.

Jana mchana uligonga ukasema, "Mama, ni Kadogo," nikakimbilia mlango bila hata viatu. Begi huna, unasema limepotea njiani. Marcellin, mlinzi wa getini, anaapa hakukuona ukipita, lakini Marcellin naye husinzia. Umebadilika, mwanangu. Simu hushiki. Chai unaiacha ipoe. Unakaa karibu na cherehani kutwa nzima unanisikiliza, na nikikuuliza unaondoka lini, unacheka tu. Nina furaha mpaka naogopa.

Mama yako

Hillbrow, nje ya mlango wako, 15 Novemba 2025

Mama,

Nimefika salama, ashukuriwe Mungu. Naandika nikiwa nimepiga magoti kwenye korido, begi mgongoni. Marcellin aliponiona getini alishika kichwa. Nimegonga, ukauliza, "Nani?" na sina sauti ya kukujibu. Kisha nikasikia mtu humo ndani akikwambia, "Usifungue, mama. Hasemi." Ilikuwa sauti yangu.

Nakusihi. Sauti ameichukua, lakini mkono hakuuchukua. Mpe kalamu aandike jina lake, halafu ulinganishe na karatasi hii ninayoipitisha chini ya mlango. Utanitambua. Nakuogopea wewe, na mimi mwenyewe najiogopea.

Mwanao,
Joséline

(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mwanangu,

Pole kwa safari, na pole sana kwa koo. Mwandiko ni wako, nimeujua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Kalamu nimempa. Ameishika kama kijiko, hata herufi moja hawezi. Nimelia, na yeye amenifuta machozi.

Lakini wewe, Joséline, unajua kuondoka. Huyu hajui.

Nimempigia simu Murielle wa mlango wa pili, atakupa chakula na mahali pa kulala. Usigonge tena, unamtisha mwenzako.

Mama yenu