Mama Amepona kwa Dawa ya Nani?

Kiswere,
12 Oktoba 1975

Kaka yangu Kondo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wewe, wifi na watoto, na joto la Lindi lisiwe limewazidi. Sisi huku tu wazima kiasi cha kuweza kuandika, ila kichwa changu hakipo mahali pake. Ukiona maneno yanarukaruka, nivumilie.

Ulisikia kwamba Mama aliugua mara tu tulipohamishwa kutoka kwetu Namatwe kuja hapa kijiji kipya. Homa, chakula hataki, miguu haina nguvu. Nilimpeleka zahanati kwa Bwana Benedikto, yule kijana wa kutoka milimani. Alisema ni malaria na damu imepungua, akatoa vidonge, akaniapisha nisimchanganyie kitu kingine. Jioni akaja Maalimu Abdurahmani na kombe, aya kaziandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaziosha kwa maji Mama anywe. Yeye alisema vidonge vinatibu mwili tu, na Mama amepatwa na husuda. Mzee Likwata naye, unamjua alivyo, alitembea mpaka Namatwe kuchimba mizizi, eti ya huku haijamjua Mama. Mwiko wake ni kwamba dawa yake haikai tumbo moja na vidonge.

Ningefanyaje? Nilizipokea zote tatu. Nilikuwa nikimwachia Mama kitandani kila moja kwa wakati wake, kisha nakimbilia shamba la kijiji, maana ukikosekana jina lako linatajwa mkutanoni. Mwezi haujaisha, Mama akainuka, akaomba uji, akamtukana kuku wa jirani. Tukajua amepona.

Basi hapo vita vikaanza. Benedikto nilimshukuru, na Maalimu nikamwombea dua. Likwata sikumwambia kitu, kwa kuwa unajua dawa ya mizizi haishukuriwi, ukishukuru umeiharibu. Kumbe mzee akawatangazia watu kwamba kimya changu ndio ushahidi! Benedikto alinuna, Maalimu akanipitia mlangoni bila salamu. Mwenyekiti naye akataka Mama asimame mbele ya mkutano aseme aliponywa na nani, ili wasiomponya waache kusumbua watu.

Nikaenda kumuuliza Mama aseme nini. Alicheka, kisha akalia. Alisema hakumeza hata kimoja. Vidonge alivifukia jivuni, kombe alimwagia mgomba, mizizi akaitupa chooni. Alitaka kufa, kaka. Alisema mtu hai ananyimwa ruhusa ya kurudi kwao lakini maiti hainyimwi, na sisi wanawe tungemrudisha Namatwe akalale kando ya Baba. Kupona kumemjia bila yeye kuomba, naye anaona haya.

Tangu siku hiyo sielewi kitu. Nani kamponya? Utaniambia Mungu, na mimi nasema Mungu. Lakini mbona kampa asichokitaka? Siri ya Mama nikaificha, na mkutano ukaahirishwa kwa ajili ya kufyeka mashamba.

Juzi homa imerudi, kali kuliko ile ya kwanza. Wote watatu wamekuja tena, kila mmoja akidai wenzake ndio walioharibu. Mama kafumba mdomo, hataki hata maji. Benedikto ameniita pembeni akaniambia asipomeza safari hii, hamalizi wiki.

Sasa nikwambie nililofanya, na usinigombeze. Leo asubuhi nilimwinamia Mama nikamwambia ruhusa imetoka, kwamba akipata nguvu za kutembea nitamrudisha Namatwe, tujenge kibanda karibu na kaburi la Baba. Hakuna ruhusa yoyote, kaka. Nyumba zetu kule zimekwisha bomolewa, na sijui hata pa kuanzia kuomba. Mama alinitazama sana, kisha akafungua mdomo. Akameza vidonge, akanywa kombe, akanywa na mizizi, miiko yote tukaivunja kwa mpigo mmoja. Mchana huu ametokwa na jasho, na mwili unaanza kupoa.

Nilikuwa naogopa asipone. Sasa naogopa akipona.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na majirani zenu wote wape salamu zangu bila kubagua. Mama naye anakusalimu sana. Amenituma nikwambie usijisumbue kuja huku Kiswere, mtakutana Namatwe.

Mdogo wako,
Mwahija