Dawa Niliyomtafutia Punda Sikitu

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu na haishuki. Leo sikufungua duka kabisa. Kuna jambo limenikaa kooni, nikiliandika huenda likashuka.

Hapa kwetu Nyamuswa tuna punda jike, anaitwa Sikitu. Mume wangu alimnunua Butiama mwezi uliopita atubebee maji kutoka lambo, mahali ambapo sisi tunachota na ng'ombe wa kijiji wananywa. Nyumbani ni mpole kupita kiasi. Kila nikitoka dukani ananinusa mfukoni kama mtoto anayetafuta pipi. Akifika lambo tu anakuwa mnyama mwingine: masikio yanalala, miguu inatetemeka, macho yanatoka.

Jumatatu, tukiwa lambo, alichomoka mbio na madumu manne mgongoni. Kamba alikuwa ameishika mama mkwe wangu. Alianguka vibaya, akavunjika mkono.

Mume wangu akasema Jumamosi punda anakwenda mnadani. Nikamwomba aniachie siku hizi chache nitafute dawa ya kumtuliza. Akasema sawa, lakini uamuzi ni wa Mama, maana mkono ni wake.

Niseme ukweli, mimi nauza dawa za vidonge, na wanaokuja kunisifia majani huwa nawacheka wakishaondoka. Lakini vidonge vya kutuliza punda sina. Basi Jumanne nikachemsha mchaichai, nikaupoza, nikamwekea kwenye ndoo. Akanusa, akaipiga ndoo teke. Mama alikuwa amekaa mkekani na mkono wake umefungwa. Akasema, "Huyo hataki chai. Anataka mnada."

Nikamfunga shada la majani ya kivumbasi shingoni, kwamba harufu itampoza. Alikula shada lote na kipande cha kamba. Daftarini nimeandika: kivumbasi, ladha nzuri, hofu iko palepale.

Mtandaoni wanasema kuna ua linaitwa lavenda, linatuliza hata farasi wakali. Jana nilikwenda Musoma kuchukua mzigo wa duka, nikalisaka mpaka karibu na mtaa wa Mwigobero. Nilichopata ni mafuta ya nywele yenye picha ya ua hilo. Nikampaka puani. Alipiga chafya mpaka jioni, na mimi niliona aibu kumtazama.

Leo ndipo nilipopata akili niliyopaswa kuwa nayo Jumanne. Kwa nini nisimuulize aliyemlea?

Nikapanda bodaboda hadi Butiama kwa Mama Nyabise, mjane aliyetuuzia. Nilimkuta anaanika mihogo. Nikamweleza yote, hata mafuta ya nywele, akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akauliza, "Huko lambo mnampigiaga miluzi?"

Nikamwambia ndiyo, tena sana. Mnyama atakunywaje bila mluzi? Sisi ni watu wa ng'ombe. Mnyama akiinamia maji unampigia mluzi mwororo, taratibu, anakunywa mpaka anashiba. Na mimi ndiye bingwa. Niliambiwa tangu utoto kwamba mwanamke hapigi mluzi, sikusikia.

Mama Nyabise aliacha kucheka.

"Marehemu mume wangu alikuwaga anamfunga mkokoteni wa mawe," akasema. "Anapiga mluzi, halafu fimbo. Mluzi, fimbo. Nilimwambiaga aache, hakunisikia."

 Njia nzima ya kurudi nilikuwa naiona Jumatatu. Sikitu alianza kutetemeka, mimi niko nyuma yake. Nikamwonea huruma, nikampigia mluzi. Akatetemeka zaidi, nikaongeza.

Aliyemwangusha Mama ni mimi.

Saa saba, ng'ombe wakiwa bado malishoni na lambo halina mtu wa kupiga mluzi, nikampeleka Sikitu, sisi wawili tu. Niliubana mdomo mpaka ukauma. Alisimama, akageuza masikio huku na huku, akasubiri. Mimi kimya. Akainama, akanywa muda mrefu sana, nikasikia maji yanashuka kooni mwake. Alipomaliza akaniingizia pua yenye maji mfukoni. Nililia, sifichi.

Nikarudi kwa Mama, nikapiga magoti mkekani, nikamweleza kila kitu bila kupunguza. Hakuniangalia. Aliutazama ule mkono uliofungwa.

"Siku tatu namlaani mnyama wa watu," akasema. "Na wewe nani atakupeleka mnadani?"

Sikujua kama ni ruhusa kucheka. Akanyoosha mkono mzima nimwinue, tukaenda bandani. Alisimama mbali kidogo na Sikitu, na Sikitu akasimama mbali kidogo na yeye. Walitazamana hivyo. Halafu Mama akamsogelea, akamgusa paji la uso kwa vidole viwili tu, akaondoa mkono upesi.

"Mwambie mume wako Jumamosi aende mnadani peke yake. Na maji muwe mnachota saa saba."

Hakusema amenisamehe. Nitampikia, nitamfulia, nitangoja.

Alipoingia ndani nilibaki bandani na Sikitu, na furaha ikanipanda kifuani hadi midomo ikajikunja yenyewe kwa mluzi. Nikaiziba kwa mikono miwili.